Aya ya Sita

Ndege ya Kalpana ilitua Ijumaa saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, na Kalpana akatokeza kwenye mlango wa wanaowasili saa saba na robo mchana. Nilipiga hesabu pembeni mwa fomu. Saa sita na dakika thelathini na tano.

“Mizigo ilichelewa?” nilimuuliza.

“Nilikuwa na begi moja, dada. Nililibeba mwenyewe.”

“Foleni?”

“Foleni ilikuwa nusu saa.”

“Na saa zilizobaki zilikwenda wapi?”

Savitaben, aliyekuwa karibu kuwa mama mkwe wake, alikuwa amekaa kando yake, mkoba juu ya magoti. “Uliza mengine, Mardhiyaben,” alisema, kwa lile ‘ben’ la Kigujarati, yaani dada. “Hayo yameshapita.”

Ilikuwa Jumanne, tarehe 7 Februari 1978. Chumba cha Jumuiya kilikuwa Harrow, Uingereza, juu ya duka la vitambaa, na mimi nilifanya kazi pale siku tatu kwa wiki: kuandikisha watu wapya, kujibu barua, kupiga chapa. Wanachama walikuwa Wahindi wa Afrika Mashariki wa kila namna, Wahindu, Waismaili na Wagoa, pamoja na sisi Wazanzibari wachache tuliopokewa kwa kuwa hatukuwa na jumuiya yetu. Lugha za nyumbani hazikuoana, kwa hiyo vikao viliendeshwa kwa Kiingereza mpaka watu wakasirike, na baada ya hapo kwa Kiswahili.

Fomu iliuliza saa ya kutua na saa ya kutoka kwa sababu moja tu, kujua nani alizuiwa. Sikuwa na ruhusa ya kuliruka swali. Nikangoja, kalamu juu ya karatasi.

Kalpana alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Tanga, mwalimu wa shule ya msingi. Pasipoti yake ilikuwa ya Tanzania. Alikuja kuolewa na Kirit, mtoto wa Savitaben, aliyeingia nchini na wazazi wake kutoka Kisumu mwaka 1968 kwa pasipoti ya Uingereza. Kanuni ya wakati ule ilikuwa hivi: mke wa mtu anayeishi hapa alihitaji kibali kutoka ubalozini, na foleni ya kibali ilikuwa ya miezi mingi, lakini mchumba aliweza kuingia bila kibali, mradi aolewe ndani ya miezi mitatu. Maofisa waliamini kwamba wake wengi hujifanya wachumba. Baadhi yao waliamini pia kwamba wana namna ya kuwatambua.

“Walinipeleka chumba chenye benchi,” alisema Kalpana. Alikuwa akiitazama mashine yangu ya chapa, si mimi. “Ofisa akaniuliza, nitajuaje kwamba wewe ni mchumba na si mke? Nikampa barua za Kirit. Akasema barua mtu yeyote huandika. Nikampa kadi ya arusi. Akasema kadi huchapishwa. Kisha akaleta karatasi nitie sahihi kwamba nimekubali kuonwa na daktari. Nikamwambia mimi si mgonjwa. Akasema, usipotia, ndege ya kurudi ni saa tatu usiku.”

“Ukatia.”

“Nikatia. Daktari alikuwa mwanamume. Akaniambia nivue kuanzia kiunoni, akatazama, akashika, akaandika. Jina langu hakuniuliza. Dakika tatu. Kuvaa kulinichukua zaidi.”

Savitaben alifungua mkoba, akaufunga.

“Nilikuwa na mwenzangu kwenye benchi,” Kalpana aliendelea. “Mwanamke wa Mombasa, sweta ya kijani. Yeye aliingia kabla yangu. Alipotoka akaniambia, ‘Mwanangu, mimi nimeachika, nimekuja kuolewa mara ya pili. Niliwaambia. Hawakutaka kunisikiliza, wametaka kunitazama.’ Huyo waliamua arudi saa tatu usiku.”

Niliandika yote. Nilidhani Savitaben atalia, au atalaani. Alichosema ni hiki:

“Na kwako daktari aliandika nini?”

Kalpana alirudisha macho kwenye mashine.

“Nakala walikupa?”

“Hawakunipa, Ba.” Ndivyo alivyomwita, ‘mama’ kwa Kigujarati.

“Ungeomba.” Alinigeukia, mwanamke kwa mwanamke, sauti imeshuka. “Dada yangu wa Leicester ana mdomo. Anasema msichana aliyekaa chuoni miaka miwili mbali na kwao, nani anajua. Karatasi ya serikali ya Malkia ingemziba.”

Fomu ilinipa mstari mmoja. Niliandika: alizuiwa, angalia maelezo, nakala ya daktari hakupewa.

Mwenyekiti wetu alikuwa Bwana Alnashir, zamani mwalimu wa hesabu Dar es Salaam. Alisoma maelezo mara mbili, akavua miwani, akaipangusa kwa tai. Hasira yake ilikuwa ya kweli na sitaki kuipunguza. Alisema akina baba watatu walishamjia miezi iliyopita, wakakaa, wakanywa chai, wakaondoka bila kusema walichojia. Sasa alijua walijia nini. “Binti zetu,” alisema. “Heshima yetu.” Niliona kwamba binti walikuwa wetu na heshima ilikuwa yetu, na kwamba katika maneno yale manne hakukuwa na mtu aliyelala juu ya kitanda chembamba cha daktari.

Alimwandikia mbunge. Mbunge akajibu kwamba atapokea ujumbe Ijumaa, tarehe 24, na kwamba wizara haitajali uvumi. Inataka maelezo ya mtu mmoja, mwenye jina na anwani, yaliyotiwa sahihi. Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Baba aliyekuwa tayari kupiga meza hakuwa tayari kuandika jina la binti yake chini ya jambo lile. Kila mmoja alikumbuka binti wa mwenziwe. Kalpana, ambaye baba yake alikuwa Tanga na hakuulizwa, alisema jina litakuwa lake.

Nilichapa maelezo kwa Kiingereza, aya tano, nakala nne kwa kaboni. Ya kwanza: yeye ni nani. Ya pili: ndege na saa. Ya tatu: ofisa na karatasi ya ridhaa. Ya nne: daktari. Ya tano: mwanamke wa Mombasa. Kalpana alisoma polepole, akasahihisha “dakika tatu” kuwa “kama dakika tatu” kwa sababu hakuwa na saa mkononi, akasema sawa.

Jumatatu Alnashir alinirudishia karatasi. Chini yake, kwa mkono wake mzuri wa ubaoni, palikuwa na aya ya sita: Uchunguzi huo ulithibitisha kwamba mimi ni bikira na kwamba sikuwa na lolote la kuficha.

“Hakusema hivi,” nilimwambia.

“Ni kwa faida yake.”

“Haya ni maelezo yake, mwenyekiti, au ya faida yake?”

“Mardhiya, wewe umesoma, usijifanye huelewi. Mbunge akifika aya ya nne, swali gani litamjia kichwani? Tunamjibu kabla hajauliza. Na watu wa Kirit wametamka wazi: jina litoke pamoja na maneno hayo, au lisitoke kabisa.”

“Na uthibitisho? Nakala hatuna.”

Hilo alikuwa amelifikiria. Alikuwa amempigia simu daktari mmoja wa Harrow, wa kwetu, mwanamke, mtu mstaarabu, ambaye angemwona Kalpana na kuandika cheti cha kuambatanisha. “Dakika mbili,” alisema, “na chumbani hakuna mwanamume.”

Niliandika miadi kwenye daftari, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoajiriwa. Alhamisi, saa nane mchana. Kamati iliyokutana kupinga msichana kupimwa ilikuwa imempangia kupimwa mara ya pili.

Jambo hili halikuwa geni kwangu. Mwaka 1970, kwetu Unguja, wasichana waliozwa kwa nguvu kwa watu wenye madaraka. Mjini lilijulikana. Majina ya wasichana yalinong’onwa tu, kwa kuwasitiri, na mimi kwa umri wangu wa miaka kumi na tisa niliiona stara ile kuwa wema. Baadaye nilijaribu kuhesabu nani alinufaika na ukimya ule. Sikumpata msichana hata mmoja.

Jumatano Kalpana alikuja na Kirit. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, karani wa posta, mpole, mwenye Kiingereza kizuri kuliko wote nyumbani kwao. Barua za familia aliziandika yeye. Nilimpa kiti, akabaki amesimama.

“Mimi sipingi,” alisema. “Nasema tu, kwa nini uwe wewe? Kazini watu wanasoma magazeti. Nitaonekanaje mimi?”

“Wewe?” Kalpana alimtazama kwa mshangao ambao haukuwa wa kuigiza. “Kitandani pale ulikuwa upande gani, Kirit? Sikukuona.”

“Usinifanyie mzaha.”

“Sifanyi. Nauliza aibu ilikuingilia mlango gani, maana aliyevuliwa ni mimi.”

“Utakuwa mke wangu.”

“Ahaa. Kwa hiyo yule daktari alinivua mimi, akakuona wewe. Haya, nimeelewa. Kama aibu ni yako, karatasi tia sahihi wewe.”

Nilicheka. Sikukusudia. Kirit alinitazama, akatazama sakafu, na kwa muda mfupi nilidhani naye atacheka.

“Hiyo aya ya sita inakuumiza nini?” aliuliza taratibu. “Si kweli?”

“Hilo ndilo swali la ofisa.”

“Mimi si ofisa.”

“Basi usiulize.”

Waliondoka pamoja, yeye mbele na Kalpana nyuma, kwa sababu ngazi zetu zilikuwa nyembamba.

Alhamisi saa nane na robo daktari alipiga simu kuuliza mgonjwa wake yuko wapi. Nilimjibu kwamba mgonjwa hatuna. Saa kumi na moja kamati ilikaa: wanaume sita, Savitaben kama mgeni, Kirit karibu na mlango, mimi na mashine yangu kwenye meza ya pembeni. Kalpana alikaa mbele, kwenye kiti ambacho siku nyingine huwekewa makoti.

Alnashir alisoma kwa sauti. Aya nne za kwanza zilisikilizwa kwa vichwa vilivyoinama. Kwenye ya tano mtu alikohoa. Alipoanza ya sita Kalpana aliinua mkono, kama mwanafunzi wake mwenyewe.

“Hiyo si yangu.”

“Tunajua, binti. Tumekuongezea.”

“Iondoeni.”

“Ni sentensi moja, na inakulinda.”

“Inanilinda na nani, mzee? Waliokwisha kunifanyia wameshamaliza. Wanaobaki kunidhania vibaya wamo humu.”

Wanaume wawili walianza kusema kwa pamoja, mmoja kwa Kigujarati. Kalpana alingoja wamalize.

“Mzee Alnashir, wewe ulifundisha hesabu. Mtu anakupima kwa rula iliyopinda. Unaandika malalamiko, na mwisho unaongeza, hata rula yake imeonyesha kwamba mimi ni mrefu. Umeilaumu rula au umeisifu?”

Alnashir aliweka karatasi mezani.

“Mkisema walinipima wakaniona sawa, mmekubali kwamba kipimo ni kipimo. Kosa lao litakuwa moja tu, kwamba walimshuku asiyestahili. Na yule wa aya ya tano? Huyo ameachika. Walichokitafuta kwake hawakukikuta, basi kwake walipatia, sivyo? Mtamrudisha Mombasa mara ya pili, na safari hii sahihi ni yangu.”

“Huyo mwanamke hatumjui,” alisema mjumbe mmoja.

“Hamumjui kwa sababu hana aya ya sita.”

Sheikh Msabaha, katibu wetu, Mzanzibari mwenzangu, mtu wa maneno machache, alitikisa kichwa juu ya tasbihi yake. “Mwanangu, hasira zako zina haki. Lakini wakubwa walishasema. Mvuliwa nguo huchutama.”

“Tanga pia tunayo hiyo, sheikh. Na mvuaji je?”

“Eh?”

“Aliyevuliwa huchutama. Aliyemvua wakubwa walimwacha wapi? Anakaa wima? Anakwenda kunywa chai?”

Mtu alicheka nyuma, akajizuia kwa kikohozi. “Methali haikufika huko,” alisema Msabaha, na kwa haki yake, alionekana kulifikiria.

Savitaben alisimama.

“Nyinyi kaeni na methali,” alisema. “Mimi nimeshatuma kadi mia tatu. Arusi ni tarehe kumi na tisa Machi. Leicester wanakuja, Nairobi wanakuja. Kalpana, mimi pia niliingizwa chumbani. Kisumu, mwaka arobaini na tisa, mama mkwe wangu na wanawake wawili, mlango umefungwa kwa komeo. Nilinyamaza. Nitazame. Nimekufa?”

Wanaume hawakujua waweke wapi macho. Kirit alimtazama mama yake kama mtu anayesomewa barua isiyo yake. Kalpana ndiye aliyemjibu.

“Hukufa, Ba. Pole. Lakini umelibeba miaka ishirini na tisa, na leo ndiyo siku ya kwanza umelisema, na umelisema ili mimi ninyamaze.”

Midomo ya Savitaben ilitetemeka. Kama mtu yeyote katika chumba kile angempa kiti, au maji, au neno, sijui ingekuwaje. Hakuna aliyempa. Mimi pia sikumpa. Nilikuwa nimeshika kalamu. Kisha midomo ikakaza.

“Jina pamoja na maneno hayo,” alisema, “au nyumbani kwangu usirudi.”

Alnashir alizungumza kwa upole ambao nadhani aliona ni wajibu. “Binti, muhuri wako unakwisha tarehe tatu Mei. Bila arusi huna haki ya kubaki. Unaelewa unachochagua?”

“Naelewa. Nikitamka kuwa mimi ni bikira, nakaa. Nisipotamka, naondoka.”

“Si hivyo…”

“Ni hivyo hasa. Ni sharti lilelile la uwanja wa ndege, mzee. Mmelitafsiri tu.” Alinigeukia. “Dada Mardhiya, aya tano unazichapa kwa muda gani?”

“Dakika kumi na moja.”

Hakuna aliyeniruhusu. Nilitoa karatasi ya zamani kwenye mashine, nikaingiza mpya, na kaboni tatu. Mashine ile ilikuwa nzito na yenye kelele, na katika chumba kile ilisikika kama mtu anayepigilia misumari. Alnashir alikuwa mwajiri wangu. Neno moja tu lingenisimamisha. Alipangusa miwani yake mpaka nilipomaliza. Zilikuwa dakika kumi na tatu, kwa sababu nilikosea herufi katika aya ya nne na ilibidi nifute nakala zote.

Chini ya jina palihitajika anwani. Niliinua kichwa.

“Si yangu,” alisema Savitaben, koti mkononi.

Nilichapa ya kwangu. Chumba kimoja na jiko, Kilburn, ghorofa ya pili juu ya fundi viatu. Kalpana alitia sahihi nne, jina lote, na la baba yake, bila haraka.

Kirit alibaki nyuma baada ya mama yake kushuka. “Nitakupigia simu,” alisema.

“Simu iko kwa mwenye nyumba, ghorofa ya chini yangu,” nilimwambia. “Useme kwa sauti,” Kalpana aliongeza.

Siku ya pili Alnashir alizipeleka mwenyewe zile aya tano kwa mbunge. Hilo nalieleza kwa sababu lilitokea, na kwa sababu baadhi ya wajumbe walimtaka asiende.

Kalpana alikaa kwangu wiki tisa na siku kadhaa. Hakuruhusiwa kufanya kazi. Alipika, alisahihisha Kiingereza cha barua zangu bila kuombwa, na alishuka kila simu ilipolia, mpaka katikati ya Machi, alipoacha kushuka. Habari zilitembea. Wanawake watatu walipanda ngazi zetu za Kilburn kati ya Machi na Aprili, kila mmoja peke yake, kila mmoja akimuulizia “mwalimu”. Mmoja alikuwa mjane. Mwingine alishafunga ndoa ya dini kwao na aliogopa zaidi kulisema hilo kuliko kusema la daktari. Alisimama mlangoni bila kuvua koti na kuuliza kwanza, “Ni kweli kwenu haliandikwi lile jambo?” Nilijua anasema aya ya sita; nilimwambia haliandikwi. Akaingia. Wawili kati yao walitia sahihi.

Jibu la wizara lilifika Jumatatu, tarehe 17 Aprili. Lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilisema kwamba uchunguzi ulifanyika kwa ridhaa ya Bi Kalpana, kama sahihi yake inavyoonyesha, na kwamba si desturi kutaja majina ya maofisa au madaktari waliohusika. Ya pili ilisema kwamba, kwa kuwa wizara imearifiwa kuwa ndoa iliyokusudiwa haitafungwa, sababu ya yeye kuwapo nchini imekwisha, na anatarajiwa kuondoka ifikapo tarehe 3 Mei.

Imearifiwa na nani? Nilipiga simu ofisi ya mbunge. Karani wake alikuwa na nakala ya mafaili na hakuona ubaya kunisomea. Kulikuwa na barua kutoka Harrow, ya tarehe 25 Februari, iliyoandikwa na mwanafamilia aliyeomba asitajwe. Fupi, alisema karani, na Kiingereza safi sana, si kama nyingi tunazopata.

Tarehe 25 Februari ilikuwa Jumamosi. Kalpana alikuwa ameondoka nyumbani kwa Savitaben siku mbili zilizotangulia.

Nilimwambia nilichosomewa. Alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuuchambua.

“Alisema atapiga,” alisema. “Kumbe kuandika ndiko anakokuweza.”

Usiku ule nilikaa na faili nikafanya kazi ambayo hakuna aliyenituma. Nilihesabu majina. Jina la Kalpana lilitokea mara kumi na nne. Aliyemzuia aliitwa “ofisa”. Aliyemvua aliitwa “daktari”. Aliyemsaliti aliitwa “mwanafamilia”. Mwanamke wa Mombasa aliitwa “abiria mwingine”. Katika jambo zima, lenye watu wengi na mihuri mingi, aliyetajwa ni yule tu asiyekuwa na kosa, na watu wema wa pande mbili walikuwa wamemwonya kwamba kutajwa ndiyo aibu yenyewe.

Alnashir alituletea wakili. Wakili alisema rufaa inawezekana, lakini ingesikilizwa akiwa nje ya nchi. Kalpana alimshukuru. Alikataa kujificha kwa watu, ingawa wawili walimpa chumba. “Nikijificha,” alisema, “watasema, tulijua ana la kuficha.”

Tarehe 3 Mei tulikwenda uwanja wa ndege kwa basi, begi lake likiwa lilelile moja. Wakati ule maofisa walikagua pasipoti za wanaoondoka pia. Nilimsindikiza mpaka kwenye kamba. Meza ilikuwa hatua nne mbele yangu. Ofisa alikuwa kijana, ameshakunywa chai, hana ubaya usoni. Alifungua pasipoti, akaona tarehe ya muhuri, akamwambia kwa adabu kwamba amefanya vyema kutoivuka siku yake.

Kalpana alitoa daftari. “Jina lako nani?” alimuuliza kwa Kiingereza.

“Langu?”

“Langu umeshalisoma.”

“Hatutaji majina, madam.”

“Kwa nini?”

“Ni kwa ajili ya kutulinda.”

“Na la daktari aliyekuwa zamu tarehe tatu Februari, asubuhi?”

Kijana alitazama foleni, kisha meza yake. Wekundu ulianza shingoni ukapanda mpaka masikioni. “Silijui.”

“Nenda ukaulize. Nina dakika hamsini.”

Hakwenda. Aligonga muhuri, akasukuma pasipoti mbele kwa ncha za vidole, na akamwita abiria anayefuata kabla Kalpana hajaondoka mezani. Yeye hakuondoka. Alifungua daftari palepale, juu ya meza ya serikali, akaandika akiwa amesimama, huku kijana akiwa hana la kufanya ila kumtazama akiandika. Kisha alinigeukia akanisomea kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani, hata watu wawili watatu wa kwetu waliokuwa kwenye foleni wakainua vichwa.

“Meza namba nne. Saa nne na dakika kumi asubuhi. Mwanamume, miaka kama ishirini na tano, nywele nyekundu. Ameulizwa jina, ameona haya.” Alifunga daftari, akalirusha kwangu juu ya kamba. “Chapa hivyo hivyo, dada. Usimsitiri.”